Milingoti ya Bucharest

Desemba 10, 1988, Wales waliikaribisha Romania mjini Cardiff. Mapema mwaka huohuo Wales walikuwa wamewafunga England, Scotland na Ireland, na nchini mwao raga ilizungumzwa mgodini, sokoni na kwenye ngazi za kanisa. Wageni walitoka kwenye nchi yenye foleni za mkate, ambako umeme ulikatwa usiku na watu waliogopa kunong'ona hata majumbani mwao. Firimbi ya mwisho ilipopulizwa, Romania walikuwa na pointi 15, Wales 9. Nahodha wa wageni alikuwa Florică Murariu, ofisa wa jeshi na mchezaji wa klabu ya Steaua.

Kijana anayefuatilia raga leo ataona taabu kuamini habari hiyo. Romania anayoijua yeye ni ile ya Kombe la Dunia la 2023 nchini Ufaransa, iliyofungwa 82-8 na Ireland, 76-0 na Afrika Kusini na 84-0 na Scotland. Katika mechi nne iliruhusu pointi 287. Scotland hiyohiyo, mwezi Mei 1984, ilikwenda Bucharest ikiwa bingwa wa mashindano ya Mataifa Matano (England, Scotland, Wales, Ireland na Ufaransa), imetoka kuwashinda wapinzani wake wote wanne, nayo ikarudi kwao imefungwa 28-22.

Raga ilifika Romania mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na vijana wa familia zenye uwezo waliokuwa wakisoma Paris. Katika Olimpiki ya 1924 walipata medali ya shaba. Ni kweli timu zilikuwa tatu tu, na Romania walifungwa na zote mbili, Ufaransa na Marekani. Hata hivyo ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi hiyo, na raga ikapata heshima ambayo michezo mingine ilikuwa bado haijaionja.

Nguvu yenyewe ilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, chini ya Wakomunisti. Kila klabu kubwa ilikuwa na mlezi serikalini. Steaua ilikuwa ya jeshi, Dinamo ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na Grivița Roșie ya wafanyakazi wa karakana za reli mjini Bucharest. Msomaji wa Morogoro anayeikumbuka timu ya Reli, au wa Mwanza aliyekua akiishangilia Pamba, hahitaji kuelezwa mpango huo. Mchezaji anaandikwa kazini, mshahara unatoka kwa mwajiri, lakini kazi anayoijua kweli iko uwanjani. Kwenye karatasi wote walikuwa wachezaji wa ridhaa, kama sheria za raga za wakati ule zilivyotaka. Kwa vitendo, askari wa Steaua alikuwa na muda wa mazoezi ambao mwalimu wa shule au mchimba makaa wa Wales hakuwa nao. Tukilisifu jengo hilo, tuitaje na saruji yake: serikali katili iliyotaka sifa mbele ya dunia.

Lakini ukatili wa serikali haumfundishi mtu kucheza raga. Wachezaji wale walikuwa na ufundi wao, hasa mafowadi, ambao kwenye skramu walisukuma kama watu wanaohamisha nyumba. Wafaransa, waliocheza nao karibu kila mwaka, ndio waliolijua hilo mapema. Mwaka 1960 walifungwa 11-5 mjini Bucharest, mwaka uliofuata wakatoka sare, 1962 wakafungwa tena, 1963 sare nyingine. Miaka minne mfululizo Ufaransa haikupata ushindi hata mmoja dhidi ya Romania. Mwaka 1968 Wafaransa walishinda mechi zao zote za Mataifa Matano kwa mara ya kwanza katika historia yao. Desemba ya mwaka huo wakafika Bucharest na kufungwa 15-14.

Mavuno makubwa yalikuja miaka ya 1980. Ufaransa walichapwa 15-0 mwaka 1980, na mwaka huohuo Romania wakatoka sare ya 13-13 na Ireland mjini Dublin. New Zealand walikuja Bucharest mwaka 1981 na wakalazimika kuhenyeka kupata ushindi wa 14-6. Mwaka 1983 Wales walifungwa 24-6, tena si kwa bahati ya penalti ya dakika ya mwisho.

Ndipo likazuka swali ambalo hadi leo linaniuma: kwa nini Mataifa Matano yasiwe sita? Romania walikuwa wamebisha hodi kwa njia pekee inayokubalika michezoni, kwa kuwafunga wenye nyumba. Mlango haukufunguliwa. Wenye mashindano walikuwa na mapato ya viingilio na ya televisheni, walikuwa na desturi zao, na safari ya Bucharest haikuwa na faida kwao. Wenyewe walicheza kila msimu mbele ya viwanja vilivyojaa. Romania waliachiwa mashindano ya bara pamoja na Ufaransa, Italia na Muungano wa Kisovieti, na mechi za kirafiki wakikumbukwa. Timu iliyofikia kilele chake ikakosa mahali pa kukiuza.

Kisha ikaja Desemba 1989. Romania walicheza Edinburgh mwanzoni mwa mwezi huo, na mchezaji wao mmoja, Cristian Răducanu, akatoroka na kuomba hifadhi. Majuma machache tu baadaye utawala wa Kikomunisti wa Nicolae Ceaușescu ulianguka kwa damu mitaani. Murariu, yule nahodha wa Cardiff, alipigwa risasi na kufa kwenye kizuizi cha barabarani mjini Bucharest. Alikuwa na umri wa miaka 34. Radu Durbac, mchezaji mwingine wa zamani wa taifa, naye aliuawa katika siku hizo.

Husemwa mara nyingi kwamba raga ya Romania ilizikwa siku moja na Ceaușescu. Sikubaliani. Mei 1990, miezi mitano baada ya mapinduzi, timu hiyo ilikwenda Auch, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ikawafunga wenyeji 12-6. Mwaka 1991 iliwafunga Scotland 18-12, kisha ikaishinda Fiji katika Kombe la Dunia. Wachezaji walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwalipa. Jeshi na reli zilikuwa na shida zao, mipaka ilikuwa wazi, na klabu za Ufaransa zilikuwa zikingoja mafowadi wenye mabega kama yale. Mmoja baada ya mwingine wakafunga mizigo. Nani atamlaumu baba wa watoto aliyekwenda kwenye mshahara? Mwaka 1995 raga ya kulipwa iliruhusiwa rasmi, wakati ambapo mfuko wa Romania ulikuwa mtupu kuliko wakati wowote. Mwaka 2000 Mataifa Matano hatimaye yakawa sita. Aliyeingia alikuwa Italia.

Novemba 17, 2001, Twickenham, England 134, Romania 0. Miguso 20. Charlie Hodgson, akivaa jezi ya England kwa mara ya kwanza, alifunga pointi 44 peke yake.

Yaliyofuata hayakuwa giza tupu. Mwaka 2004 waliifunga Italia hiyohiyo 25-24. Lakini Georgia, taifa dogo lililotoka kwenye Muungano wa Kisovieti, lilianza kuwapita, nalo likiwatumia vijana wake waliokomaa katika klabu za Ufaransa. Romania wakajaribu njia ya mkato ya kuita wachezaji waliozaliwa mbali, na njia hiyo ikawatumbukiza shimoni. Kinyume cha kanuni, walimchezesha mtu aliyewahi kuichezea Tonga raga ya wachezaji saba, wakapokonywa pointi na kukosa Kombe la Dunia la 2019, la kwanza kuwapita tangu lianzishwe mwaka 1987. Lile la 2023 walilipata kwa sababu Hispania nao walinaswa kwa kosa la aina hiyohiyo.

Wamefuzu kwa mashindano ya 2027 nchini Australia, ambayo sasa yana timu 24 badala ya 20. Watakwenda huko na deni la muda mrefu, maana mara ya mwisho waliposhinda mechi ya Kombe la Dunia ilikuwa Oktoba 2015, mjini Leicester, dhidi ya Canada. Walikuwa nyuma 15-0 katika kipindi cha pili, na hadi siku hiyo hakuna timu iliyokuwa imewahi kutoka nyuma kiasi hicho ikashinda katika historia ya kombe hilo. Wakarudi kwenye kazi ya babu zao: mpira mikononi mwa mafowadi, migongo chini, sukuma. Nahodha Mihai Macovei akafunga mguso, kisha wa pili. Dakika za mwisho Florin Vlaicu akauweka mpira chini na kupiga penalti. Ukapita katikati ya milingoti, 17-15, na wazee wa Steaua na Grivița waliokuwa bado hai wakapata la kusimulia ambalo halikutokea enzi za Murariu.