Kifua Kikuu Kilichohamia Mgongoni

Kifua kikuu cha uti wa mgongo ni istilahi inayomkwaza mgonjwa kuanzia neno la kwanza. Mtu anaumwa mgongo, hakohoi, hatemi damu, kisha anaambiwa ana kifua kikuu. Si ajabu akarudi nyumbani akiamini kwamba majibu yamebadilishwa na ya mtu mwingine. Neno la pili nalo lina mtego wake. Majirani wakisikia "uti wa mgongo" wanakumbuka homa ya uti wa mgongo, ambayo ni maradhi ya utando unaofunika ubongo na mishipa ya fahamu, na yanaweza kuua kwa siku chache. Ugonjwa tunaouzungumzia hapa huenda polepole. Hula mfupa kwa miezi, hata miaka, na huweza kuanza utotoni.

Lugha iliuita ugonjwa huu kwa mahali unapoonekana zaidi, yaani kifuani. Mnamo tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba ameigundua bakteria inayousababisha, na bakteria hiyo haina mpaka wa kifua. Huingia mapafuni kwa hewa, kisha huweza kusafiri na damu na kutua kwenye tezi, figo, ubongo au mifupa. Ikitua mifupani, takriban nusu ya wagonjwa hupatwa kwenye uti wa mgongo. Madaktari wengi huuita ugonjwa wa Pott, kwa jina la Percivall Pott, mpasuaji wa London, ambaye mwaka 1779 alieleza uhusiano kati ya mgongo uliopinda na miguu iliyopooza. Jina hilo linamtosha mwanafunzi wa udaktari. Mama wa Singida au Kilifi halimwambii chochote.

Kwa bahati Kiswahili kina neno zuri kwa kila kipande cha mfupa wa mgongo: pingili, kama pingili za muwa. Ukilishika neno hilo, ugonjwa unaeleweka. Bakteria hupenda kutua upande wa mbele wa pingili, hasa za chini ya kifua na za juu ya kiuno. Upande wa mbele unaliwa, wa nyuma unabaki mzima, pingili inageuka umbo la kabari na mgongo unainamia mbele. Nyuma hutokeza nundu. Usaha nao hukusanyika bila joto wala wekundu, ndiyo maana huitwa jipu baridi, na huweza kushuka ukifuata msuli hadi kinenani. Hapo watu hutibu jipu la kinena na kuusahau mgongo.

Kwa mtoto kuna tatizo la ziada. Mtu mzima akipona, mgongo kwa kawaida hubaki ulivyo. Mtoto bado anakua, na pingili zilizoharibika hazikui sawa na nyingine, kwa hiyo kupinda kunaweza kuongezeka hata baada ya bakteria zote kufa. Kisha kuna madhara yanayochelewa: miongo kadhaa baadaye, mishipa ya fahamu iliyovutwa juu ya kona ya mfupa huanza kuchoka, na miguu ikalegea. Mtu wa miaka 45 anayekwenda hospitali kwa ganzi ya miguu anaweza kuwa analipa deni la ugonjwa wa umri wa miaka 5.

Antonio Gramsci, mwanafikra wa Italia aliyezaliwa Sardinia mwaka 1891, aliishi na deni hilo. Mgongo wake ulipinda akiwa mtoto mdogo, na alipokua hakufikia urefu wa mita moja na nusu. Kwao ilisemwa kwamba aliponyoka mikononi mwa yaya. Walijaribu kumnyoosha kwa kumvalisha mkanda maalumu na kumning'iniza darini. Serikali ya Mussolini ilimfunga mwaka 1926, na Machi 1933 daktari Umberto Arcangeli alimpima gerezani akaandika: ugonjwa wa Pott. Gramsci alikuwa na miaka 42. Alifariki mwaka 1937, akiwa ameacha madaftari zaidi ya 30 aliyoyajaza akiwa kifungoni.

Kinachonigusa zaidi katika habari hiyo ni yule yaya. Kwetu pia mtoto akipinda mgongo huulizwa nani alimwangusha, nani alimbeba vibaya, nani alimtwisha ndoo ya maji. Watoto wote huanguka. Anguko hukumbukwa kwa sababu lilionekana, ilhali bakteria iliyoingia kwa pumzi ya mjomba aliyekuwa akikohoa haikuonwa na mtu. Wapo mayaya, na wapo mama, waliobeba lawama hiyo hadi kaburini.

Halafu kuna neno kibiongo. Limewekwa katika ngeli moja na kiziwi, kipofu na kiwete, likamtaja mtu kwa umbo lake, na hapo maswali yakaisha. Ukisema fulani ni kibiongo umesema kana kwamba aliumbwa hivyo. Huulizi kama ni maradhi ya Pott, au pingili zilizoumbika vibaya tumboni, au ule ugonjwa wa ukuaji alioueleza Mdenmarki Holger Scheuermann karne iliyopita, ambao hupindisha migongo ya vijana bila bakteria yoyote. Tiba za maradhi hayo hazifanani. Neno hilo naliona halifai tena kumwita mtu, na hospitalini halina kazi.

Badala yake napendekeza tuandike TB ya pingili za mgongo. Herufi TB watu wamezizoea tayari, na haziwalazimishi kufikiria kifua. Pingili zinaonyesha ni mfupa, na zinautenga ugonjwa huu na ile homa. Wahariri wa vipeperushi vya afya wanaweza kuanza nalo kesho.

Mzazi, mtoto akilalamikia mgongo kwa wiki kadhaa, akakataa kuinama kuokota kitu, akaamka usiku akilia, akapungua uzito au akatokwa jasho usiku, mpeleke kituo cha afya hata kama hakohoi. Ukiona pingili moja imetokeza, au miguu inalegea, usingoje wiki. Mwambie mhudumu kama nyumbani kuna mtu aliyewahi kuugua TB. Dawa hunywewa kwa muda mrefu, mara nyingi miezi 12, na katika vituo vya umma vya Tanzania na Kenya hutolewa bure.