Fungua Macho: historia fupi ya klavie inayochungulia

Wandugu, wengi wetu hapa Lubutu tunachapa barua za kazi na kufungua imeli kwenye ordinatere ya sekretaria ao ya rafiki. Tunaogopa mutu anayesimama nyuma yetu. Kumbe mwizi wa neno la siri anaweza kukaa ndani ya mashine yenyewe, na si jambo la leo.

Mwaka 1984, Wamarekani walichunguza mashine za kuandikia za ubalozi wao kule Moscow na za konsulati yao kule Leningrad. Ndani ya mashine 16 aina ya IBM Selectric walikuta vyombo vidogo vya Wasovieti, vinavyosoma kila herufi na kuituma nje kwa redio. Vingine vilikuwa humo tangu 1976. Ubalozi ulificha ujumbe wake kwa mafumbo makali, lakini haikusaidia: herufi iliibiwa palepale kidole kilipogusa, kabla ya kufichwa.

Siku hizi programu tu inatosha. Tuangalie jirani zetu. Oktoba 2015, shirika la Privacy International la London lilitoa ripoti juu ya operesheni ya Uganda yenye jina la Kiswahili: Fungua Macho. Ripoti inasema kwamba kisha uchaguzi na maandamano ya 2011, jeshi na polisi walitumia programu inayoitwa FinFisher kufuata wapinzani na waandishi wa habari. Njia moja ilikuwa intaneti ya hoteli. Serikali ilikana. Programu ya namna hiyo inanasa kila herufi unayobonyeza, inapiga hata picha ya ekrani. Njo maana kubonyeza herufi kwa mausi haitoshi kukulinda.

Moscow ao Kampala, somo ni moja: kufuli ya intaneti inalinda njia, hailindi kidole.

Basi, kwenye mashine ya watu usiandike neno la siri la benki wala la imeli yako. Kwenye mashine yako, acha programu za wizi zinazopita kwa flashi, na weka antivirusi. Omba kodi ya pili inayokuja kwa simu. Mwizi akinasa neno, mara nyingi atabakia mulangoni. Ukiwa na shaka, badilisha neno la siri kwenye mashine ingine. Ukibadilisha kwenye ile ile, unamupatia mwizi neno jipya kwa mikono yako.