Kisangani na Elimu ya Kuendesha Mkutano

Tarehe 12 Desemba 1991, wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Kitaifa wa Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, mjini Kinshasa walimchagua Laurent Monsengwo Pasinya, Askofu Mkuu wa Kisangani, awe mwenyekiti wao. Mkutano ulikuwa umefunguliwa tangu Agosti 7, lakini miezi ilipita kwa ugomvi. Wajumbe walizidi 2,800. Waligombania kwanza nani ana haki ya kuingia ukumbini, kisha nani akalie kiti.

Monsengwo alikuwa bingwa wa Maandiko Matakatifu, mtu aliyezoea kupima neno. Kazi kubwa iliyomngoja ilikuwa kuwafanya mahasimu wasemezane kwa zamu. Kazi iligawanywa kwa kamati 23, kila moja ikaandika ripoti yake ili ijadiliwe mbele ya wote. Mjumbe aliyeona kanuni imevunjwa aliweza kusimama na kutoa hoja ya utaratibu, na hoja hiyo hutangulia orodha ya wasemaji. Hapo mnyonge hupata nguvu: akiijua kanuni, hata waziri humsubiri amalize. Vikao vilirushwa redioni, na nchi nzima ikasikiliza jinsi hoja inavyotolewa, inavyopingwa na inavyopigiwa kura.

Serikali iliogopa. Tarehe 19 Januari 1992, waziri mkuu Nguza Karl-i-Bond aliufunga mkutano. Februari 16 Wakristo waliandamana Kinshasa wakidai ufunguliwe, na askari wakawapiga risasi. Watu walikufa wakidai kikao kiendelee. Mwezi wa Aprili wajumbe walirudi, wakajitangazia mamlaka kamili, na Agosti 15 wakamchagua kiongozi wa upinzani Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu kwa asilimia 71 ya kura.

Kisangani yenyewe ilianza kujifunza elimu hii zamani, ilipokuwa ikiitwa Stanleyville. Patrice Lumumba, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, alifika mjini mwaka 1944, akawa karani wa posta. Mkoloni Mbelgiji hakuruhusu vyama vya siasa, lakini aliruhusu vyama vya makarani, vya wafanyakazi na vya waliosoma shule moja. Vyama hivyo vilikuwa na katiba, mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari la kumbukumbu: tarehe, waliohudhuria, ajenda, kilichoamuliwa, sahihi. Lumumba aliongoza chama cha watu wa posta na kile cha wasomi wa mji, na alikuwa katibu wa kingine. Kabla hajahutubia umati hata mmoja wa kisiasa, alikuwa ameshazoea kufungua kikao na kukifunga.

Mwezi wa Oktoba 1959 chama chake cha siasa, MNC, kilifanya kongamano lake Stanleyville. Tarehe 30 ghasia zikazuka, zaidi ya watu 20 wakafa, na Novemba 1 Lumumba akakamatwa. Mkutano wa Meza ya Duara kati ya Ubelgiji na viongozi wa Kongo kuhusu uhuru ulipofunguliwa Brussels, Januari 20, 1960, wajumbe wa Kongo walikuwa wameshaungana. Kabla ya mengine walidai mambo mawili: maamuzi ya kikao yaifunge Ubelgiji, na Lumumba aachiliwe. Wenyeji walitaka mazungumzo tu; wageni wakapata maamuzi. Lumumba alifika Januari 26, na kesho yake ikakubaliwa kwamba uhuru utakuwa Juni 30. Wajumbe hao hawakuwa na jeshi wala hazina. Walichokuwa nacho ni umoja, na kujua ni jambo gani litangulie kwenye ajenda.

Lakini utaratibu uleule unaweza kutumika kuficha. Ule Mkutano Mkuu wa Kinshasa ulipofungwa Desemba 6, 1992, ripoti mbili zilikuwa hazijasomwa mbele ya wajumbe wote: ile ya mauaji ya kisiasa na ile ya mali zilizopatikana kwa njia haramu. Ndizo zilizogusa wakubwa. Kamati zilikuwa zimefanya kazi yake, na wananchi walikuwa na haki ya kusikia. Bado wana haki hiyo: zisomwe hadharani, ukurasa kwa ukurasa, na Kisangani isikie.