Karatasi ya daktari iliyoandikwa «maziwa»

Usawa katika afya maana yake ni kwamba mtu asiugue wala kufa mapema kwa sababu tu ya umaskini wake, rangi yake au mahali alipozaliwa. Siku hizi vyuo vikuu vingi huwatuma wanafunzi wa shahada za juu wakaifanye kazi hiyo pamoja na vikundi vya wenyeji. Watu wengi hudhani njia hii ilitoka Marekani ikaja kwetu. Sehemu yake kubwa ilitoka Afrika ikaenda kule.

Mwaka 1940 Daktari Sidney Kark na mke wake Emily, daktari pia, walifungua kituo cha afya Pholela, kijijini katika jimbo la Natal, Afrika Kusini. Wahudumu wao walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza watu wanakula nini na wanachota maji wapi. Utapiamlo ulikuwa mwingi, kwa hiyo kituo kikahimiza bustani za mboga. Mwaka 1957 akafika mwanafunzi wa udaktari kutoka Cleveland, Jack Geiger (Marekani mtu husoma udaktari baada ya shahada ya kwanza). Alikaa miezi michache tu. Serikali ya ubaguzi wa rangi ilikuwa tayari inaibana kazi hiyo, na akina Kark waliondoka nchini muda si mrefu baadaye.

Geiger hakuyasahau aliyoyaona. Katika miaka ya 1960, pamoja na Daktari Count Gibson wa Chuo Kikuu cha Tufts, alipata fedha za serikali kufungua kituo Boston, kisha kingine Mound Bayou, Mississippi, mji ulioanzishwa mwaka 1887 na watu weusi waliotoka utumwani. Kituo hicho cha pili kilianza kutibu mwaka 1967.

Kabla ya hapo, John Hatch, mtaalamu wa ustawi wa jamii, alizunguka vijijini akiitisha vikao, mara nyingi makanisani. Wenyeji wakaunda vyama kumi vya afya. Walipoulizwa wanahitaji nini, wengi hawakuanza na daktari. Walitaja chakula, kazi, nyumba, maji safi. Kwetu sisi hapa ndipo penye uzito: chuo kilikuwa kimekuja na mpango wa matibabu, na sasa kilipaswa kuchagua kati ya mpango wake na jibu la wenyeji.

Kikafuata jibu. Madaktari waliandika maziwa, mboga na nyama kwenye karatasi za dawa. Maduka yakatoa chakula, kituo kikalipa kutoka fungu la dawa. Wakubwa wa serikali walipolalamika, Geiger aliwaambia kwamba dawa ya utapiamlo inayojulikana ni chakula. Visima vikachimbwa, vyoo vikajengwa, madirisha yakawekwa nyavu. Wenyeji nao wakaanzisha ushirika wa kilimo, mamia ya familia wakalima chakula chao wenyewe.

Katika zone zetu za afya tunawajua wanafunzi wanaofika na maswali yaliyoandikwa tayari mjini, wakajaza makaratasi, wakaondoka, na kijiji kisisikie tena habari. Kamati ya afya ina haki ya kuuliza kabla ya kukubali: nani alichagua swali hili? Fedha zinakaa kwa nani? Matokeo yatasomwa lini mbele yetu, na kwa lugha gani?

Mississippi, mlango wa chuo ulifunguka pande zote mbili. L.C. Dorsey, binti wa wakulima waliolima mashamba ya matajiri, aliongoza ushirika ule. Baadaye alisoma shahada ya uzamili New York, kisha udaktari wa ustawi wa jamii katika Chuo Kikuu cha Howard. Akarudi Mound Bayou, akawa mkurugenzi wa kituo kilekile.