Kusafisha maji taka nako kuna uchafu wake: hesabu hufanywaje?

Kila yakizungumzwa maji taka Mombasa, mjadala huishia pale pale: jengeni mtambo. Nami ni wa kundi hilo. Lakini mtambo wenyewe hula saruji, chuma, umeme na dawa, hutoa gesi, na huacha tope ambalo lazima lipelekwe mahali. Ipo hesabu ya kitaalamu inayojumlisha yote hayo, na ndiyo inayoweza kutuambia kama uchafu tunausafisha au tunauhamisha tu.

Hesabu hiyo huitwa tathmini ya mzunguko wa maisha. Taratibu zake zimo katika viwango vya kimataifa vya ISO 14040 na 14044 vya mwaka 2006. Isichanganywe na tathmini ya athari kwa mazingira ambayo NEMA huitaka chini ya sheria ya mwaka 1999. Ile huuliza mradi utaathiri vipi mahali ulipo na watu wake. Hii huufuata mtambo tangu mawe ya saruji yanapochimbwa hadi siku utakapobomolewa.

Kwanza hukubaliwa kinachopimwa na mipaka yake. Kipimo cha kawaida ni lita 1,000 za maji yaliyosafishwa, ili mtambo mkubwa na mdogo ilinganishwe sawasawa. Kisha huorodheshwa kila kinachoingia na kutoka, orodha ikageuzwa kuwa athari, na matokeo yakafasiriwa. Ujanja uko kwenye mipaka. Ukiliacha tope nje ya hesabu, mtambo wowote utaonekana safi.

Mitambo inayopuliza hewa ndani ya maji ili vijidudu vile uchafu hutumia aghalabu uniti 0.3 hadi 0.6 za umeme kwa kila lita 1,000 (ndizo uniti hizi hizi za tokeni), na sehemu kubwa huishia kwenye kupuliza hewa. Nchi inayotegemea makaa ya mawe hubeba mzigo mkubwa wa kaboni hapo. Kenya si hivyo: karibu asilimia 90 ya umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua. Ripoti ya Ulaya haiwezi kunakiliwa ikaletwa Mombasa kama ilivyo.

Kwetu penye kuangaliwa zaidi ni gesi. Uchafu ukikaa pasipo hewa hutoa methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 27 kuliko kaboni dioksaidi ya uzito ule ule. Hutoka kwenye mabwawa ya maji taka yenye kina, yale yanayosifiwa kwa kutotumia umeme, na pia kwenye matangi na vyoo vya shimo majumbani mwetu. Mitambo inayoondoa nitrojeni nayo huvujisha naitrasi oksaidi, yenye nguvu mara 273. Kwa hivyo anayesema bwawa ni safi kwa kuwa halili umeme amesoma nusu ya ukurasa. Lakini bwawa likifunikwa, gesi ikakusanywa na kuchomwa, hesabu hugeuka.

Na kutosafisha je? Mombasa ina mitambo ya Kizingo na Kipevu, lakini nyumba nyingi hazijaunganishwa na mabomba yake. Maji ya vyoo huzama kwenye mwamba wa matumbawe wenye vitundu, mwamba ule ule tuliochimba visima. Mengine huishia hori la Tudor. Nitrojeni na fosforasi hulisha mwani, mwani ukioza hunyonya oksijeni, samaki wakakosa pumzi. Tathmini ya haki huiweka hali hii mezani kama mojawapo ya njia za kulinganishwa, na kwa upande wa bahari mtambo hushinda pamoja na saruji yake yote.

Kasoro moja inaniudhi. Vijidudu vya kipindupindu kwa kawaida havimo kwenye hesabu hii. Yenyewe hupima kaboni, sumu na rutuba. Mji wenye visima kando ya vyoo hauwezi kuamua kwa kaboni peke yake.

Tope nalo lina mambo yake. Likitibiwa vizuri huwa mbolea na kupunguza ile ya viwandani. Naivasha kinyesi kimewahi kutengenezwa makaa ya kupikia. Likitupwa jaani huendelea kutoa methani, na mabomba ya viwanda yakiungwa humo, huja na metali zenye sumu ambazo hakuna mkulima azitakaye.

Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe. Kikiitishwa kikao cha mtambo mpya, nitauliza tope litapelekwa wapi, gesi itakusanywa na nani, na katika mwaka wa 15, pampu zikichakaa, fedha za kuzibadilisha zitatoka kifungu gani cha bajeti.