Nafasi Tupu Melini: Likizo za Visiwa vya Karibi Zilivyoanza

Anayepanga likizo ya meli katika visiwa vya Karibi huanza na kalenda. Huchagua wiki, huchagua meli, huamua kama chumba chake kiwe na dirisha la kutazama bahari au kiwe cha ndani chenye bei nafuu, kisha hulipa arbuni na kusubiri siku ya kupanda. Visiwa havichagui kimoja kimoja. Huvikuta vimeshapangwa katika ratiba, leo Nassau, kesho kutwa Falmouth au Cozumel, na saa za kufika na kuondoka zimeandikwa tayari. Ni rahisi kuamini kwamba ratiba hiyo imefuata uzuri wa mahali, kwamba palipo na mchanga mweupe na maji ya samawati ndipo meli zilipovutwa. Historia ya biashara hii inasema vingine. Likizo za visiwani zilibuniwa na watu waliokuwa na nafasi tupu melini na haja ya kuzijaza. Visiwa viliingia kwa sababu vilikuwa njiani, au karibu, au sheria ya nchi nyingine ilivihitaji. Ndiyo maana tangu mwanzo anayepokea arbuni ya abiria ameshika mpini, na kisiwa kimeachiwa makali.

Ushahidi wa kwanza uko Hamburg, mbali kabisa na minazi. Albert Ballin, aliyesimamia biashara ya abiria ya kampuni ya meli ya Hamburg-Amerika, alikuwa na meli kubwa zilizopata abiria wengi wa New York katika miezi ya joto. Majira ya baridi Atlantiki ilipochafuka, abiria walipungua, na meli iliyofungwa gatini inaendelea kula fedha kwa sababu mabaharia wanalipwa na gharama za kuiunda bado hazijarudi. Januari 1891 Ballin aliituma Augusta Victoria katika Mediterania ikiwa na abiria 241 ambao hawakuwa na shughuli yoyote huko ila kutembea na kurudi. Jaribio lilifaulu kiasi kwamba mwaka 1900 kampuni ilishusha majini Prinzessin Victoria Luise, meli iliyoundwa mahsusi kwa matembezi. Mwaka uliofuata ikafika Karibi. Haikuishi sana: Desemba 1906 ilipanda miamba karibu na Port Royal, Jamaica. Abiria wote waliokolewa, nahodha akajiua usiku uleule. Meli ilipotea lakini hesabu iliyoizaa ilibaki, na hesabu hiyo haikuanza na kisiwa chochote. Ilianza na vyumba vilivyokosa watu.

Jamaica inalionyesha jambo hili wazi zaidi, kwa kuwa huko zilijaribiwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1890 ilipitishwa sheria ya kuwadhamini waliotaka kujenga hoteli, na Januari 1891 yakafunguliwa Kingston Maonyesho ya Kimataifa ya Jamaica, yaliyonuiwa kuwaonyesha wageni kwamba kisiwa si makaburi ya homa tena. Watu walioingia katika viwanja vya maonyesho walizidi 300,000, wengi wao wakiwa wenyeji. Hesabu zilipofungwa ikaonekana hasara, na hoteli ya Constant Spring, fahari ya mpango ule, ikaishia mikononi mwa serikali. Hoteli zilikuwepo, jua lilikuwepo, hamu ya matajiri wa kaskazini kukimbia baridi ilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kumleta mgeni kwa uhakika na kwa bei ya kuvumilika.

Njia ya pili ilikuja na ndizi. Mwaka 1870 nahodha mmoja wa Massachusetts, Lorenzo Dow Baker, alipakia ndizi Jamaica akaziuza Marekani kwa faida. Kutokana na biashara hiyo ikazaliwa Boston Fruit Company mwaka 1885, na mwaka 1899 ikaungana na nyingine kuwa United Fruit. Ndizi haingojei mtu. Ikichelewa inaivia baharini, ikapotea pamoja na mtaji. Kwa hiyo kampuni ililazimika kuwa na meli za kasi, ratiba isiyoyumba na, baadaye, vyumba vya baridi vya kuhifadhia mikungu. Kutoka Port Antonio kwenda Boston meli zilisheheni, lakini zilipogeuza kurudi kusini zilikuwa na nafasi ya bure, na nafasi hiyo ndiyo wakala wa tiketi aliyoanza kuiuza. Baker akawa pia na hoteli ya Titchfield mjini Port Antonio, hivyo mgeni aliyepanda meli yake alilala kwake na kula kwake. Meli za United Fruit zilipakwa rangi nyeupe ili zisinyonye joto la jua likaharibu matunda, na weupe huo uliokusudiwa ndizi ukawa ndio mvuto wao kwa watalii. Wapo watakaosema kwamba hamu ya watu ndiyo iliyoleta utalii, meli zikaifuata. Lakini hamu hiyohiyo ilikuwepo mwaka 1891 ikashindwa kuzilipia hoteli gharama zake. Iliyobadilika ni ratiba.

Miaka ya baina ya vita viwili vya dunia naipita haraka, ila kwa tukio moja lililoacha alama. Marekani ilipopiga marufuku pombe mwaka 1920, meli zenye bendera yake zilizuiwa kuiuza hata katikati ya bahari. Mwaka 1922 meli mbili za Marekani, Reliance na Resolute, zikahamishiwa bendera ya Panama ili abiria wapate vinywaji vyao. Desturi ya kupeperusha bendera ya nchi yenye masharti mepesi haijakoma: meli nyingi zinazoondoka Miami leo zimesajiliwa Bahamas au Panama, na sheria za kazi zinazowahusu mabaharia wake hutegemea bendera hiyo.

Pigo kubwa lilishuka kutoka angani. Oktoba 1958 ndege za jeti za abiria zilianza kuvuka Atlantiki kwa saa chache, na katika muda mfupi meli za abiria zikabaki bila kazi. Ndipo yalipotokea yale ya mwaka 1966, ambayo kwangu ni ushahidi mkubwa kuliko wote. Mfanyabiashara Mwisraeli aliyekuwa Miami, Ted Arison, alikuwa ameshauza nafasi za safari za Karibi, kisha meli alizozitegemea zikamtoka mikononi kwa matatizo ya kifedha ya wenye meli. Upande wa pili, Knut Kloster wa Norway alikuwa na meli mpya, Sunward, iliyoundwa kwa safari za kutoka Southampton hadi Gibraltar. Mvutano wa Hispania na Uingereza juu ya Gibraltar, pamoja na amri ya Uingereza iliyowazuia raia wake kutoka nje na zaidi ya pauni 50, uliiharibia soko. Mmoja ana abiria bila meli, mwingine ana meli bila abiria. Desemba mwaka uleule Sunward ikang'oa nanga Miami. Katika mapatano hayo hakuna serikali ya kisiwa iliyokaa mezani, na ndiyo yaliyozaa biashara ya meli za kitalii kama tunavyoijua.

Kwa nini basi ikaelekea Nassau? Umbali mfupi ni sababu, lakini ipo na sheria. Tangu mwaka 1886 Marekani imezikataza meli za kigeni kuchukua abiria kati ya bandari zake, na meli ya kigeni inayowatoa watu Miami na kuwarudisha Miami inabidi iguse bandari ya nchi nyingine. Bahamas iko karibu, inatosheleza sharti. Royal Caribbean ilianzishwa 1968, Carnival 1972, na kampuni zikaanza kuuza tiketi moja ya ndege na chumba cha meli, hata mtu wa Chicago akaweza kulipia kila kitu kwa wakala wa mtaani kwake. Hatua iliyofuata ilikuwa ya kutazamiwa. Mwaka 1977 kampuni aliyoianzisha Kloster ilinunua kisiwa kidogo cha Great Stirrup Cay huko Bahamas, mwaka 1986 Royal Caribbean ikaanza kushusha abiria Labadee, kipande cha pwani ya Haiti kilichozungushiwa uzio, na mwaka 1998 Disney ikafungua Castaway Cay. Mwenye abiria aligundua kwamba anahitaji ufuo tu. Mji wenye soko, madereva na wachuuzi wake anaweza kuuacha.

Pingamizi zito ni la fedha: meli zinalipa ada za bandari, zinawapa kazi madereva, waongozaji na wauza vinyago, na mji kama Falmouth usingejengewa gati mwaka 2011 kama si meli kubwa. Ni kweli, na si haki kuwabeza wanaokula kwa kazi hiyo. Lakini mgeni anayeshuka baada ya chai na kurudi melini kabla ya chakula cha jioni hanunui kitanda wala mlo mkuu, maana vyote alishavilipia alipokata tiketi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi za Karibi zilijaribu kukubaliana ada moja ya dola 10 kwa kila abiria. Kampuni zikatishia kubadili njia, nchi zikatofautiana, mpango ukavunjika. Kisiwa hakihami, meli inahama.

Bahari ya Hindi imeshaionja hali hiyo. Novemba 2005 Seabourn Spirit, ikiwa njiani kuja Mombasa, ilishambuliwa na maharamia mbele ya pwani ya Somalia ikageuza kwenda Shelisheli. Uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa usalama wa abiria, na uharamia ulipozidi katika miaka iliyofuata meli za kitalii zilipungua mno Mombasa bila bandari kuwa na la kusema. Tangu 2010 Shelisheli, Morisi, Réunion, Madagaska, Komoro na Mayotte zimeunda umoja wa Visiwa vya Vanila kujitangaza pamoja. Zanzibar na Mombasa hazimo. Serikali zetu zinapojenga magati ya watalii, ziketi kwanza na majirani hawa zikubaliane ada na saa za meli kukaa bandarini, kwa sababu kila mmoja akienda peke yake atapewa ratiba iliyokwisha kuandikwa Miami.