Papas, Rebecca K.: utafiti juu ya tiba ya ulevi

Mwanasaikolojia wa Marekani, aliyefanya kazi Eldoret, magharibi ya Kenya, pamoja na mpango wa AMPATH ulioasisiwa na vyuo vikuu vya Moi na Indiana, miongoni mwa wagonjwa wa nje wenye virusi vya ukimwi waliolemewa na pombe za kienyeji, busaa na chang'aa.

Tiba yake, iliyokusudiwa kurekebisha fikra na mwenendo, ilitolewa kwa Kiswahili katika vikao 6 vya juma kwa juma, kila kimoja dakika 90, wanaume mbali na wanawake mbali, chini ya washauri wa kawaida, wala si madaktari, waliofundishwa kwa ajili ya kazi hiyo. Na hapo, kwa rai yetu, ndipo penye fadhila yake kubwa. Katika vikao hivyo mgonjwa hujizoeza kukikataa kikombe anachokaribishwa na sahibu yake, jambo zito pale ambapo kukataa huhesabiwa dharau. Katika jaribio la watu 75, lililochapishwa mwaka 2011, baada ya siku 90 asilimia 69 ya waliohudhuria vikao walisema wameacha kunywa, dhidi ya asilimia 38 ya waliopata huduma ya kawaida.

Tiba hiyo yaweza kufaa hata mbali na Eldoret. Huko Kajiado, kusini ya Kenya, pombe ya asali iliyochachushwa kwa mizizi ya mmea uitwao osuguroi ilikuwa, kwa ada ya Wamaasai, stahiki ya wazee. Lakini Kitengela, mji wa Kajiado uliokua upesi kando ya barabara ya Namanga, umekusanya watu wa kila kabila walio mbali na wazee wao na makatazo yao; kwa hiyo tiba hii isiyohitaji kitanda wala daktari yastahiki kufikishwa katika zahanati zake.